Marehemu Ananunua Hapana

Toleo lililopita la gazeti hili niliwaacha nimeshika simu ya mtu, nalitazama jina la mume wangu likinunua.

Kwa anayeanza kunisoma leo: mume wangu amekufa. Alikuwa mtunza saa wa ligi ya mpira wa kikapu, yule anayekaa mezani kando ya uwanja na kidole juu ya kitufe. Filimbi ikilia, anaisimamisha saa. Mchezo ukiendelea, anaiachia. Ukumbi mzima ulimwita Mzee Saa. Alipofariki, ligi ikanionea huruma, ikanipa kazi humo humo ukumbini. Nafuta jasho. Mchezaji akianguka, nakimbia na dekio langu la kamba, nakausha sakafu asije mwingine akateleza. Wapo wanaoidharau kazi hiyo, nami nawadharau wao, basi tumelingana.

Mimi si mtu wa maneno. Nyumbani mume wangu aliniita Chiriku, kwa kunichokoza tu, kwa kuwa chiriku ni ndege asiyejua kunyamaza, na mimi hunyamaza mpaka watu wakasahau kwamba nipo. Mbele ya watu nilikuwa Mama Watoto. Chiriku lilikuwa jina la mlango uliofungwa. Hata wanangu hawalijui. Naliandika hapa nisije nikalisahau.

Katika mechi yake ya mwisho mezani, kocha mmoja wa timu ya wageni alipiga kelele kwamba saa inachelewa kusimama, kwamba filimbi inalia na sekunde zinaendelea kukimbia. Mtu ana homa wiki nzima, analalamikiwa kidole! Kocha yule nimemdharau tangu siku ile, na sijaona sababu ya kuacha.

Jumamosi ijayo, mechi ya kufunga msimu, ligi inabandika kibao cha jina lake kwenye meza ya saa. Nimeshakiona. Ni cha mbao nyekundu, na chini ya jina wamechonga neno moja: MWAMINIFU. Sina kingine cha kumwachia duniani ila hicho.

Sasa turudi kwenye simu.

Mwenye simu ni mwenzangu wa kikapu cha upande wa pili, naye anafuta jasho kama mimi. Mdomo wake ni redio isiyo na kitufe cha kuzimia.

"Mumeo ananunua," alisema.

"Mume wangu amezikwa."

"Basi huko alikozikwa kuna mtandao mzuri kuliko hapa. Soma mwenyewe. Mzee Saa. Hapana. Nusu ya pili."

Nikamwambia anieleze kama anayemweleza mtoto. Akafurahi. Hakuna anachopenda kama kueleza.

"Hili ni soko la utabiri. Mechi ikifika mapumziko, soko linauliza: robo mbili zilizobaki, timu zote mbili zikijumlishwa, zitafikisha pointi themanini na moja? Ukiona zitafika, unanunua hisa za Ndiyo. Ukiona hazifiki, unanunua Hapana. Mwisho wa mchezo aliyesema kweli analipwa mia kwa kila hisa. Aliyekosea anabaki na simu yake na njaa yake."

"Na kabla ya mwisho?"

"Bei inapanda na kushuka kama homa. Mwenye moyo anauza, mwenye tamaa anangoja."

"Kamari, basi."

"Weee! Usiseme kamari, watu wananuna. Kamari ni ya walevi. Hili ni soko."

Nikamrudishia simu yake. Sikuhitaji kuuliza ni nani. Baada ya mazishi mimi nilibaki na koti la marehemu, na mdogo wake akaomba simu. "Ya kumbukumbu, shemeji," alisema, huku machozi yakimtiririka. Nikampa. Nani anamnyima mtu kumbukumbu?

Shemeji yangu huyo wanamwita Mchumi. Si kwamba amesomea uchumi. Amewahi kufuga kuku wakafa, akauza viatu vya mguu mmoja, akafungua duka la kuchaji simu mtaa usio na umeme. Kila biashara ikifa yeye husema, "Soko halikuwa tayari." Mtu wa kukosea namna hiyo bila kupumzika ana kipaji, tatizo ni kwamba kipaji hicho hakiliwi.

Nilimkuta chumbani kwake, shati limenyooshwa, suruali ina mkunjo, na kiti hakuna. Nikakaa juu ya ndoo.

"Karibu, shemeji. Ungesema unakuja, ningeandaa."

"Ungeandaa nini, ndoo ya pili?"

Akacheka, kisha akaona sicheki.

"Umefungua akaunti ya kamari kwa jina la maiti," nikasema.

"Shemeji! Sema marehemu."

"Yeye mwenyewe hajakasirika. Umekasirika wewe?"

Akatazama viatu vyake. Nilidhani ni haya imemshika, nikashangaa kwamba anayo.

"Si kamari," akasema polepole. "Ni soko. Na jina lile linaaminika, shemeji. Mzee Saa akinunua Hapana, watu mia wanamfuata kununua Hapana, bei inapanda, mimi nauza. Wanasema huyu anaijua saa. Jina la kaka ni mtaji."

"Jina la kaka yako litabandikwa mezani Jumamosi ijayo. Kuna neno chini yake. Unalijua?"

"Nalijua."

"Mtu akigundua kwamba Mzee Saa ana akaunti ya kutabiri mechi alizokuwa akizitunzia saa, watalibandika wapi neno lile? Kwenye choo?"

Halafu, kama kawaida ya mfa maji, akatafuta jani la kushika. Jani lenyewe nilikuwa mimi.

"Mechi ya kesho mchana nimeweka kila kitu kwenye Hapana. Nisaidie moja tu, shemeji. Nikishinda, naifunga akaunti, nakurudishia simu. Hakuna atakayejua."

"Nikusaidie na nini? Mimi nina dekio."

"Hilo hilo dekio!" Akasogea mbele, macho yanang'aa kama ya mtu aliyegundua moto. "Wewe ndiye unayeingia uwanjani. Ukifuta polepole, muda unakwenda. Muda ukienda bila mpira kuchezwa, pointi zinapungua. Ni hesabu ndogo tu."

Kijana huyu amekulia nyumba moja na mtunza saa. Amekula naye, amelala naye kitanda kimoja utotoni. Amekaa ukumbini misimu mitatu, bure, kwenye viti vya jamaa wa wafanyakazi. Na hajawahi kuona kwamba dekio likiingia uwanjani, saa inasimama. Inasimama kabisa! Naweza kufuta mpaka kesho kutwa, hakuna hata sekunde moja itakayopotea.

Ningemwambia. Lakini ninyi nanyi niambieni, mtu amekuja mwenyewe kukuuzia kitu chake kwa bei ya bure, utamwamsha?

"Nikifuta polepole, utanirudishia simu na kuifunga akaunti? Ukishinda au ukishindwa?"

"Naapa kwa kaburi la kaka."

"Kaburi liache. Apa kwa kuku wako."

Tukakubaliana. Nilirudi nyumbani nimejaa dharau mpaka nikalala bila kula. Hilo ndilo kosa langu, nalikiri leo si mwaka kesho: nilidhani mjinga hana hatari.

Kesho yake ukumbi ulijaa. Kwenye mapumziko niliona watu wameinamisha vichwa kwenye simu zao, safu kwa safu, hakuna anayetazama uwanja. Wamelipa kiingilio kuja kutazama simu walizokuwa nazo nyumbani.

"Ndiyo imeshuka!" mmoja alipiga kelele.

"Mzee Saa ameingia na Hapana, nami naingia," akajibu mwingine.

Nilishika mpini wa dekio langu kwa nguvu. Jina la mtu wangu, midomoni mwa watu wenye karanga.

Robo ya tatu ilikuwa butu, kila mtu anakosa. Mchumi alikuwa kiti cha juu kabisa, amekunja mikono kama waziri. Kisha mchezaji mmoja akaanguka chini ya kikapu changu, akaacha ziwa la jasho. Filimbi ikalia. Saa ikasimama. Nikaingia.

Nikafuta. Nikarudia. Nikainama kutazama kama pamekauka. Nikarudia tena.

"Mama," mwamuzi akasema, "unafuta au unapaka rangi?"

Watu wakacheka. Mchumi huko juu akanionyesha dole gumba.

Nilichosahau, mimi niliyejiona mwerevu, ni kwamba wachezaji nao ni viumbe wanaopumua. Timu ya nyumbani ina mchezaji wanayemwita Babu, kwa mvi zake na goti lenye bandeji. Dakika chache akikimbia, anaanza kuhema kama mlango mbovu. Kocha alikuwa ameshamwandalia kiti cha kupumzika. Nilipokuwa nikifuta, Babu aliinama, akashika magoti, akavuta pumzi zake zote zilizokuwa zimepotelea uwanjani. Saa ilipoachiwa, akarusha kutoka mbali. Tatu. Akarudi, akarusha tena. Tatu nyingine.

Kila aliyeanguka, nilifuta polepole. Ahadi ni deni. Na kila nilipofuta, Babu alizaliwa upya.

"Unamnyonyesha Babu!" mwenzangu aliniita kutoka upande wa pili. "Mpelekee na uji!"

Hatimaye hesabu ya nusu ya pili ikawa pointi sabini na tisa, na saa karibu itoe honi. Wenye Hapana walikuwa wamesimama juu ya viti, wanaanza kukumbatiana. Mtu akateleza mbele yangu. Nikaingia mara ya mwisho. Nilitazama juu nikamwona Mchumi amefumba macho, midomo yake inakwenda, analiombea dekio langu.

Nikafuta kwa mapenzi yote.

Saa ikaachiwa. Babu akapokea, akaruka na goti lake moja, akarusha. Honi ikalia mpira ukiwa hewani. Ukazama.

Themanini na mbili.

Sijawahi kuona watu wazima wakiugua pamoja namna ile. Mchumi alikaa chini polepole, kama nguo inayoanguka kutoka kwenye kamba. Nami, Mungu anisamehe, nilicheka. Nilicheka ndani kwa ndani huku nakamua dekio kwenye ndoo. Nikasema sasa simu inarudi, akaunti inafungwa, mjinga amelipa ada.

"Mama, msimamizi anakuita ofisini," mwamuzi akasema. Hakuwa akicheka tena.

Ofisi ya msimamizi wa ligi iko chini ya ngazi za watazamaji. Mtu akipanda juu, vumbi linaanguka juu ya meza. Kibao chekundu cha mume wangu kilikuwa kimeegemezwa ukutani, karibu na mipira iliyoisha upepo.

"Kaa, mama. Leo umefuta sakafu kama mtu anayepiga pasi shuka la harusi."

"Palikuwa na jasho jingi."

"Sawa. Wenye lile soko la utabiri wametuletea malalamiko. Kuna akaunti inanunua Hapana peke yake, nusu ya pili peke yake, mechi za ukumbi huu peke yake. Jina ni Mzee Saa. Leo Mzee Saa amenunua Hapana, na mke wa Mzee Saa amefuta polepole. Ungekuwa wewe hapa kwangu, ungefikiri nini?"

"Ningefikiri aliyepanga hilo hajui kwamba saa husimama."

"Nalijua hilo. Lakini kuna sheria ya kuzuia wezi, mama, na haiwabagui wezi wajinga."

Nikatazama kibao. Nikaona hakuna cha kuficha. Nikamweleza yote: simu ya kumbukumbu, Mchumi, ndoo, makubaliano. Sijawahi kusema maneno mengi hivyo kwa mara moja tangu nilipoolewa. Alinisikiliza huku anafuta vumbi mezani kwa kiganja.

"Basi ni rahisi," akasema mwishowe. "Kazi yako tutaizungumza. Lakini jina la marehemu ni jambo jingine. Kama shemeji yako ndiye aliyeifungua akaunti, marehemu hana doa, na kibao kinabandikwa Jumamosi. Kama aliifungua mwenyewe akiwa hai, akiwa mezani kwangu na kidole kwenye kitufe..." Akakitazama kibao. "Mwite huyo kijana. Nataka kulisikia kwa kinywa."

Nilimkuta Mchumi kwenye korido, amesimama karibu na bomba la maji. Shati lote limelowa. Nilimshika kola kabla hajasema neno.

"Sikiliza, mchumi wa kuku wafu. Unaingia mle, unasema ulifungua akaunti kwa jina la kaka yako baada ya kufa kwake. Unaomba radhi. Unatoka. Umenielewa?"

"Shemeji..."

"Usinishemeji. Sema umenielewa."

"Nitasema nimecheza. Nimecheza kweli. Nimeuza jina lake kweli." Alitazama mlango wa ofisi. "Lakini kuifungua, sikuifungua mimi. Niliikuta."

"Uliikuta wapi, njiani?"

"Ndani ya simu. Siku ile uliponipa. Niliikuta wazi, na mle ndani kulikuwa na hisa ambazo malipo yake hayajachukuliwa."

"Hisa za nini?"

Nilimkaza kola.

"Za Hapana, shemeji. Za mechi yake ya mwisho."

Nikamwachia. Kisha nikacheka, maana ndiyo silaha niliyokuwa nayo. Nikamwambia ni mwongo. Nikamwambia mtu aliyeshindwa kuwadanganya kuku wabaki hai hawezi kunidanganya mimi. Akaunti ina neno la siri, nikasema. Kama si yako, ulipita vipi?

"Neno lilikuwa limehifadhiwa humo humo kwenye simu. Nililifungua nikalisoma. Nilishangaa hata mimi, kwa sababu kaka hakuwa mtu wa ndege."

"Ndege gani?"

"Chiriku," akasema. "Kwa herufi ndogo. Basi."

Mahali fulani juu yetu mtu alikuwa akifagia maganda ya karanga. Nilisikia kila ganda.

Nikamkumbuka yule kocha wa wageni na kelele zake. Nikakikumbuka kidole. Mgonjwa, nilisema. Homa, nilisema.

Mchumi alikuwa akinitazama usoni, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mpango.

"Wewe ulidhani ni mimi," alisema kwa sauti ndogo. "Ulipokuja ukakaa kwenye ndoo. Nikaona heri udhani hivyo."

Nikaegemea bomba la maji.

"Kutumia jina la marehemu ni kesi, shemeji. Nimeuliza. Naweza kufungwa." Akajipangusa uso kwa mkono wa shati. "Lakini ukisema ni mimi niliyeifungua, sitakukana. Alikuwa kaka yangu."

Wiki nzima nimemtukana mtu huyu. Hapa kwenye gazeti nimemtukana tena, mmesoma wenyewe. Nilitafuta tusi la mwisho la kumalizia, nikakuta mfuko mtupu.

Mlango ukafunguliwa. Msimamizi alikuwa amesimama na kibao mikononi, kama aliyekuwa akikipima uzito.

"Haya," akasema. "Simtaki kijana kwanza, nakutaka wewe, mama. Wewe huongei ovyo, kila mtu ukumbini anajua, kwa hiyo utakalosema ndilo nitakaloandika. Nani aliifungua?"

Shemeji akainamisha kichwa, tayari.

Chiriku akafungua mdomo.